Labda ni kitu kingine: namna ya kupanga jaribio la maonyesho ya sayansi

Miradi mingi ya maonyesho ya sayansi huharibika kabla ya kipimo cha kwanza kuchukuliwa. Mwanafunzi anaweza kuwa makini kabisa, akapima kila siku bila kukosa na kuchora grafu ya kupendeza, kisha jaji akauliza swali moja tu na mradi mzima ukayumba. Swali lenyewe huwa la aina ileile: "Umejuaje kwamba si kitu kingine?" Wakati huo hakuna cha kurekebisha. Kosa lilifanyika wiki kadhaa nyuma, siku mpango ulipoandikwa, au siku ulipopaswa kuandikwa na haukuandikwa.

Shuleni tunafundishwa upangaji wa jaribio kama orodha: swali, nadharia tete (utabiri wa jibu pamoja na sababu yake), vifaa, hatua, matokeo, hitimisho. Ndani ya orodha hupachikwa maneno mazito kama kigeu huru, kigeu tegemezi, kundi la ulinganisho na marudio. Wanafunzi huyakariri na kuyaandika kwenye bango, lakini ukiwauliza yanafanya kazi gani, wengi husita. Njia rahisi ya kuyaelewa ni kumfikiria mtu mbishi aliyesimama kando ya meza yako, ambaye kila unachosema anakijibu kwa "labda". Labda ingetokea vivyo hivyo hata usingefanya lolote. Labda ni joto. Labda ni bahati. Labda uliona ulichotaka kuona. Kila kanuni ya kupanga jaribio ipo ili kumjibu mbishi huyo, na kanuni isiyojibu "labda" yoyote katika mradi wako ni pambo tu.

Mbishi huyu ana historia ndefu. Katika karne ya 17 watu wengi Ulaya, wasomi wakiwemo, waliamini kwamba funza huzaliwa na nyama yenyewe inapooza. Mwaka 1668 tabibu wa Kiitalia, Francesco Redi, alitangaza matokeo ya majaribio yake. Alikuwa ameweka nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi na vingine akaviziba kabisa. Funza walitokea katika vile vilivyo wazi tu, ambamo nzi waliweza kuingia. Je, ilitosha? Hapana. Aliyeshikilia imani ya zamani angeweza kusema: labda chombo kilichozibwa kimekosa hewa, na funza hawawezi kutokea pasipo hewa. Kwa hiyo Redi alirudia, safari hii akifunika vyombo kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo, hewa ipite na nzi wasipite. Nyama ikaoza, funza hawakuonekana ndani yake.

Redi hakuongeza vifaa vya gharama wala hesabu ngumu. Alisikia "labda" moja, akabuni ulinganisho ambao pande zake mbili zinatofautiana kwa jambo moja tu. Hilo ndilo jaribio, na mengine yote ni kulilinda.

Mada si swali

"Athari za chumvi kwa mimea" ni mada. "Sumaku" ni mada. Unaweza kuizungumzia mada mwaka mzima usifanye jaribio hata moja, kwa kuwa haikuambii ubadilishe nini wala upime nini. Swali la jaribio hubeba vitu hivyo viwili waziwazi: "Mbegu za maharagwe zikiwekwa kwenye maji yenye chumvi gramu 0, 2, 4, 6 na 8 kwa lita, ni ngapi zitaota ndani ya siku kumi?" Kinachobadilishwa kwa makusudi, yaani kigeu huru, ni kiasi cha chumvi. Kinachopimwa, yaani kigeu tegemezi, ni idadi ya mbegu zilizoota. Ukishindwa kuvionyesha kwa kidole vitu hivyo viwili katika sentensi yako, bado una mada.

Mradi maarufu kuliko yote usio na swali ni ile volkano ya udongo inayofoka povu pale siki inapomwagiwa magadi ya kuokea. Sina ugomvi nayo, watoto wadogo huifurahia. Lakini ni onyesho: kila mtu anajua kitakachotokea na hakuna kinacholinganishwa. Ajabu ni kwamba ndani ya volkano hiyohiyo kuna jaribio zuri. Siki ya kawaida huwa na asidi ya asetiki kama asilimia 5, kwa hiyo mililita 100 zina takriban gramu 5 za asidi. Kikemia, asidi hiyo inatosha kumaliza gramu 7 hivi za bikaboneti ya sodiamu, ambayo ndiyo hayo magadi. Sasa tumia mililita 100 za siki kila mara, na magadi gramu 1, 3, 5, 7, 9 na 11, kisha pima ujazo wa gesi inayotoka. Gesi inapaswa kuongezeka mpaka karibu na gramu 7, halafu isimame, kwa sababu asidi imekwisha na magadi ya ziada hayana cha kuungana nacho. Katika joto la kawaida la chumba, kilele hicho ni kama lita 2 za kaboni dayoksaidi. Utapata pungufu kidogo, maana sehemu ya gesi huyeyuka katika maji ya siki yenyewe, na kueleza upungufu huo kunaweza kuwa ukurasa bora kuliko yote katika ripoti yako. (Tahadhari: gesi ikusanywe kwenye puto au kwenye chombo cha vipimo kilichopinduliwa majini. Chupa iliyozibwa kwa kizibo kigumu inaweza kupasuka.)

Hapo pia maana ya nadharia tete inajitokeza. Anayesema "kuongeza magadi kutaathiri gesi" hajasema kitu, kwa kuwa tokeo lolote litamkubalia. Anayesema "gesi itaacha kuongezeka karibu na gramu 7, kwa sababu asidi itakuwa imekwisha" ameweka shingo yake mezani. Gesi ikiendelea kuongezeka hadi gramu 11, amekosea, na kila mtu ataona amekosea. Nadharia tete isiyoweza kushindwa haifai, hata ikiandikwa kwa lugha nzuri namna gani.

Halafu kuna mtego wa neno moja linaloonekana wazi hadi ujaribu kulipima. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, wakati huo mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, aliona mchanganyiko wake wa maziwa, aliouweka kwenye jokofu ukiwa bado moto, ukiganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliling'ang'ania swali lake licha ya kuchekwa, na mwaka 1969 akachapisha makala pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Tangu hapo maji moto na maji baridi yameshindanishwa mara nyingi sana duniani, na matokeo yamekuwa yakipingana. Sehemu ya mkanganyiko inatokana na kitenzi "kuganda". Ni pale maji yanapofika nyuzi 0? Ni pale chembe ya kwanza ya barafu inapoonekana? Au ni pale yote yanapokuwa barafu? Kila jibu ni jaribio tofauti, na mshindi anaweza kubadilika. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wa kuhoji jambo hilo, wakaonyesha pia kwamba tofauti ndogo ya kimo cha mahali kipimajoto kilipowekwa inaweza kuzaa tokeo linalofanana na lile la Mpemba. Ikiwa wanafizikia wanakwama hapo, mwanafunzi anayepanga "kupima ni mmea upi una afya zaidi" anajitafutia taabu. Afya ipimwe kwa nini, kimo, idadi ya majani, uzito mkavu?

Kwa mbegu zetu, basi, tuamue sasa hivi: mbegu imeota ikiwa mzizi umetokeza angalau milimita 2. Iandikwe daftarini kabla mbegu moja haijaguswa maji.

Kuweka sawa yale yanayostahili

Mwongozo wa kawaida husema "vitu vingine vyote vibaki vilevile". Haiwezekani. Hewa ya chumba hubadilika, mbegu mbili hazifanani, na wewe mwenyewe Jumatatu huwi sawa na Ijumaa. Kinachowezekana ni kuuliza: ni vitu gani vinaweza kweli kubadilisha idadi ya mbegu zinazoota? Kiasi cha maji, joto, umri na asili ya mbegu, ukungu. Mwanga? Maharagwe huota hata gizani, hivyo njia nyepesi ni kuweka visahani vyote ndani ya boksi lenye kifuniko, na hoja ya mwanga ikafa hapohapo bila kazi ya ziada. Napenda suluhisho za namna hii, za kuondoa tatizo badala ya kulisimamia kila siku.

Kwenye chumvi kuna hila ambayo wengi hawaioni. Maji huvukizwa, chumvi hubaki. Kisahani kilichoanza na gramu 4 kwa lita, kikikauka nusu, kinakuwa na gramu 8 kwa lita, na mwanafunzi akiongeza maji yaleyale ya chumvi kila siku anazidi kuikoleza. Mwishoni hajui alipima nini. Kwa hiyo visahani vifunikwe vizuri, kiasi cha maji kipimwe kwa bomba la sindano, na yakipungua kwa namna inayoonekana yaongezwe maji matupu, kwa kanuni moja ile ile kwa visahani vyote.

Hila ya pili iko kwenye mizani. Mizani ya kawaida inayosoma gramu nzima inaweza kukosea nusu gramu. Ukipima gramu 2 kwa mizani hiyo, kosa linaweza kufika robo nzima. Badala yake pima gramu 16, ziyeyushe na kupata lita 2 za maji ya gramu 8 kwa lita, ambapo nusu gramu ni kosa la asilimia 3 tu, kisha punguza makali: mililita 250 za maji hayo pamoja na mililita 750 za maji matupu zinakupa gramu 2 kwa lita. Mililita 500 kwa 500 zinakupa 4. Ujazo hupimika vizuri kuliko uzito mdogo. (Kwa kulinganisha, bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo viwango vyetu viko mbali sana na maji ya bahari, na ndivyo tunavyotaka. Tukianza na 35 huenda kila mbegu ikakataa na grafu isiwe na la kusema.)

Visahani vya gramu 0 ndivyo kundi la ulinganisho. Wengi huliona kama lile kundi "ambalo halikufanyiwa kitu", kisha kweli hawalifanyii kitu: huliweka pembeni, hulifungua mara chache, hulisahau. Kundi hilo lazima lifanyiwe kila kitu isipokuwa chumvi, maji kiasi kilekile, kifuniko kilekile, kufunguliwa kwa muda uleule. Tena lina kazi ya pili isiyotajwa sana. Linapima njia yako. Ikiwa kwenye maji matupu ni nusu tu ya mbegu zilizoota, huenda mbegu ni kuukuu au maji yamezidi zikaoza, na chochote utakachosema kuhusu chumvi kitakuwa juu ya msingi wa mchanga.

Labda ni bahati

Hapa ndipo miradi mingi huangukia, ikiwemo ile iliyofuata kila kitu nilichokwisha kusema.

Rusha sarafu mara 10. Kupata upande wa kichwa mara 7 au zaidi hutokea kwa bahati tupu katika majaribio kama 17 kati ya kila 100. Hakuna anayeshangaa. Lakini mwanafunzi akiona mbegu 9 kati ya 10 zimeota upande mmoja na 6 upande wa pili, anaandika hitimisho mara moja. Chukua mbegu ambazo kwa kweli huota kwa asilimia 80. Kisahani cha mbegu 10 kitaonyesha 6 au pungufu karibu mara 1 katika kila 8, bila chumvi, bila joto, bila sababu yoyote. Kisahani kingine cha mbegu zilezile na maji yaleyale kitaonyesha 9 au 10. Ukiwa na visahani viwili tu, tofauti ya 9 na 6 haisemi lolote.

Dawa ni kuongeza idadi, lakini faida yake huja polepole: ili kupunguza myumbo wa bahati kwa nusu, unahitaji mbegu mara nne. Mbegu 40 kwa kila kiwango ni mwanzo mzuri kwa mradi wa shule. Tatu, idadi ninayoiona mara nyingi kwenye mabango, ni kupiga ramli.

Sasa jambo gumu kidogo. Tuseme umepata mbegu 40 kwa kila kiwango, ukaweka zote 40 za gramu 4 katika trei moja na zote 40 za gramu 0 katika trei nyingine. Una mbegu nyingi, lakini una trei mbili. Labda trei moja iko karibu na ukuta wenye joto. Labda moja iliingia ukungu ukasambaa kwa mbegu zote. Lolote linaloipata trei linazipata mbegu 40 kwa pamoja, hivyo mbegu hizo si mashahidi 40 walio huru, na kwa mbishi wetu umelinganisha kitu kimoja na kitu kimoja. Ni kosa hilohilo la kupima kimo cha mmea mmoja mara tano na kuandika "marudio: 5". Ulichorudia ni kupima. Jaribio lenyewe hukulirudia.

Kwa hiyo gawanya: visahani vinne kwa kila kiwango, mbegu 10 kwa kila kisahani. Viwango vitano vinakupa visahani 20 na mbegu 200. Katika jedwali, kila kisahani ni mstari wake. Visahani vinne vya kiwango kimoja vikitofautiana kama 9, 8, 9 na 8, huku vya kiwango kingine vikiwa 5, 4, 6 na 5, mbishi ananyamaza hata kabla hujakokotoa chochote. Vikiwa 9, 4, 8 na 5 dhidi ya 7, 6, 9 na 3, basi wastani wowote utakaouchora ni pazia la kuficha vurugu.

Visahani viwekwe wapi ndani ya boksi? Usipange vya gramu 0 mbele na vya gramu 8 nyuma, hata kama inapendeza macho. Andika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, vikunje, piga kura. Mbegu nazo zigawanywe kwa bahati, maana mkono unaochagua huanza na zile nene na kuishia na zilizosinyaa: changanya zote 200, kisha zigawe moja moja kwa kuzunguka visahani vyote kama mtu anavyogawa karata. "Nimechanganya kwa macho" si jibu. Jicho lina upendeleo hata pale mwenyewe anapoapa kwamba hana.

Upendeleo huo hufika mpaka kwenye kuhesabu. Mzizi wa milimita mbili kasoro kidogo utahesabiwa umeota ukiwa kwenye maji matupu, na utahesabiwa bado ukiwa kwenye chumvi, na mhesabuji hatajua kwamba amefanya hivyo. Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, mwanatakwimu Ronald Fisher alipata nafasi ya kulifikiria tatizo hili juu ya meza ya chai. Mwenzake, mwanasayansi Muriel Bristol, alidai anaweza kutambua kwa kuonja tu iwapo kikombe kilitangulizwa maziwa au chai. Jaribio ambalo Fisher alikuja kulitumia kufundishia lina vikombe 8, vinne vya kila aina, vinavyotolewa kwa mpangilio wa kura ambao mwonjaji haujui. Namna za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70, na moja tu ndiyo sahihi kabisa. Anayekisia ana nafasi 1 katika 70 ya kupatia vyote. Vikombe vingekuwa 6, nafasi hiyo ingekuwa 1 katika 20, na mbishi angeendelea kubisha.

Mambo mawili ya pale yanahamishika moja kwa moja kwenye maharagwe. La kwanza, idadi huamuliwa kabla, kwa kufikiria bahati peke yake inaweza kufanya nini, na kamwe si "nitaendelea hadi nione tofauti". La pili, anayeamua asijue. Mwombe mtu mwingine aandike herufi kwenye visahani na afiche ufunguo wake mpaka siku ya mwisho. Haigharimu chochote, na ni nadra mno kuiona kwenye maonyesho ya wanafunzi, kiasi kwamba jaji akiiona husogea karibu kuuliza.

Chombo na mkono unaokishika

Si kila mradi unahusu viumbe. Chukua pendulamu, yaani kitu kizito kilichofungwa kwenye uzi na kuachwa kibembee. Swali: urefu wa uzi unabadilishaje muda wa kwenda na kurudi mara moja? Hapa bahati ni ndogo, ila mkono una kasoro zake. Binadamu huchelewa kama sekunde 0.2 kati ya kuona na kubonyeza saa ya simu. Uzi wa sentimita 25 humaliza mzunguko kwa takriban sekunde 1, kwa hiyo ukipima mzunguko mmoja unaweza kukosea kwa sehemu ya tano. Pima mizunguko 20 kwa pamoja kisha ugawe kwa 20: kosa lilelile la mkono sasa limekuwa sekunde 0.01 kwa kila mzunguko. Simu ni ileile, mkono ni uleule, na usahihi umepanda mara 20 kwa akili tu.

Marudio hata hivyo hayatibu kila ugonjwa. Urefu wa pendulamu hupimwa hadi katikati ya kile kitu kizito. Ukipima hadi chini yake, au ukitumia rula iliyolika mwanzoni, utakosea kwa kiasi kilekile na upande uleule kila mara, na kurudia mara mia kutakupa kosa lilelile likiwa limepigwa mstari vizuri zaidi. Kosa la namna hiyo hutafutwa kwa kukagua chombo, au kwa kupima kitu ambacho jibu lake linajulikana.

Pendulamu inafundisha pia kuhusu idadi ya viwango. Sentimita 25 hutoa sekunde 1.0, na sentimita 100 hutoa 2.0. Mwenye urefu huo wa aina mbili tu ataunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu na kutangaza kwamba muda huongezeka sawasawa na urefu. Akiongeza 50 na 75 ataona 1.4 na 1.7, na mstari unapinda: uzi ukirefushwa mara nne, muda huongezeka mara mbili. Nukta mbili haziwezi kuonyesha mpindo. Weka angalau viwango vitano, vilivyotawanyika, ikiwezekana kimoja chini na kimoja juu ya pale unapotarajia jambo kutokea. Na uanzishe mbembeo kwa pembe ndogo ileile daima, chini ya nyuzi 10 hivi, kwa sababu ukiivuta hadi nyuzi 60 muda hurefuka kwa asilimia 7 na mbishi atakuwa amepata "labda" mpya.

Ruhusa na kalenda

Kuna miradi inayozuiwa mlangoni hata kama imepangwa vizuri. ISEF, mashindano makubwa ya kimataifa yaliyoanza kama maonyesho ya kitaifa ya Marekani mjini Philadelphia mwaka 1950, hudai kwamba majaribio yanayohusu watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vijidudu yakaguliwe na kuidhinishwa kabla hayajaanza. Dodoso kwa wanafunzi wenzako nalo ni utafiti unaohusu watu. Kuotesha bakteria nyumbani hakuruhusiwi. Mashindano mengine yana kanuni zake, zisome kwanza, kwa sababu idhini iliyopatikana baada ya data kukusanywa haisaidii. Mimea, mbegu, pendulamu na siki havina usumbufu huo, na hii ni sababu nzuri kabisa ya kuvichagua.

Kalenda ihesabiwe kwa kurudi nyuma kutoka siku ya maonyesho. Wiki moja ya bango na mazoezi ya kueleza. Wiki moja ya grafu na kuandika. Siku kumi za jaribio. Kisha siku kumi nyingine za jaribio hilohilo kurudiwa, maana kuna uwezekano mkubwa wa kitu kumwagika, na mwenye nafasi ya mara moja tu hujikuta akitetea data mbovu. Kabla ya hapo, siku tano za jaribio la awali: visahani vinne, viwango viwili, ili ujue kama vifuniko vinavuja, kama ukungu unavamia, kama kuhesabu visahani 20 kwa siku moja kunawezekana kabla ya shule. Data za jaribio la awali haziingii kwenye matokeo. Kazi yake ni kukuaibisha mapema.

Mpango wenyewe uandikwe kwa kalamu, uwe na tarehe, na uwe na kurasa chache: swali, utabiri na sababu yake, viwango, idadi ya visahani, maana ya "imeota", saa ya kuhesabu, na mazingira yatakayofanya kisahani kitupwe. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. "Kisahani kilichopinduka au kuvamiwa na ukungu kitaondolewa" ni kanuni halali ikiandikwa kabla. Kuondoa kisahani kwa sababu kinaharibu grafu ni udanganyifu, na mtu anaweza kuufanya akiwa na moyo safi kabisa. Ukikosea kuandika namba, ipige mstari mmoja isomeke bado, usiifute.

Mwisho wa mpango chora jedwali tupu la matokeo, mistari 20 ya visahani na safu za siku. Lijaze kwa namba za kubuni, zozote zile, kisha jaribu kuzigeuza kuwa grafu: chumvi kwenye mhimili wa mlalo, asilimia ya zilizoota kwenye mhimili wa wima, nukta nne kwa kila kiwango. Ukikwama, usijue kipi kiende wapi au utumie siku ya ngapi, mpango haujakamilika na ni afadhali ujue leo, mbegu zikiwa bado kwenye mfuko. Ikikubali, ichane karatasi hiyo ya namba za kubuni, isije ikaingia kwenye daftari la data halisi.